Rangi ya Wifi

Hapa Bujonde mtu akifa naitwa mimi. Siitwi kupika, maana mikono yangu siku hizi haiwezi mwiko wa msiba. Naitwa nikae kwenye mkeka niseme marehemu alizaliwa na nani, na huyo aliyemzaa alitoka wapi, na wale mapacha waliochukuliwa na mafuriko walikuwa wanaitwaje. Shule niliishia darasa la tatu, ila majina hayanipotei. Mchungaji huja kuniuliza, mtendaji huja kuniuliza, hata watu wa ng'ambo ya mto Songwe wanaotafuta ndugu zao huletwa kwangu na bodaboda.

Katika habari hii sitataja jina hata moja, na siyo kwamba nimesahau. Nikiyataja yote halafu nikaruka moja, pengo litaonekana kama jino lililong'oka, na mtu atauliza. Bora yalale yote.

Habari yenyewe ni ya mapazia.

Mwanangu anayefanya kazi Dodoma alinijengea nyumba. Ile ya zamani ilikuwa ya tofali mbichi na madirisha ya mbao, mbao mbili nzito zinazofungukia nje, na komeo kwa ndani. Ukifunga umefunga. Aliye nje hajui kama upo au umekwenda shamba. Nyumba mpya ina madirisha mapana ya aluminiamu, vioo vyeusi vya kusukuma. Fundi aliyevifunga alinisifia kazi yake, akasema, "Bibi, mchana wewe utawaona, wao hawatakuona." Alisema kweli, ila ni kweli ya mchana. Hakuniambia kwamba jua likizama ukawasha taa mambo yanageuka, wewe huoni kitu na wao wanakuona mpaka meno. Nilijua siku jirani yangu aliponisalimia asubuhi kisimani, akaongeza, "Mbona jana ulikula ugali na chumvi, mboga zimekwisha?"

Nikaanza kutundika vitu. Chumbani kwangu kanga mbili. Sebuleni na kule nyuma nilipasua viroba vya mpunga nikavipigilia misumari. Nikaona sasa nimetulia. Kumbe siku ya ibada ya jumuiya pale kwangu mtu alipiga picha, ikafika Dodoma, na mwanangu akaona nyuma ya vichwa vya watu wanaosali maandishi makubwa ya kiroba, tena yamepinduka miguu juu. Akanipigia simu.

"Mama, mimi nimejenga nyumba. Sikujenga ghala."

"Viroba vinazuia watu kuona, baba."

"Nitamtuma mkweo likizo hii. Aje mchague mapazia."

Mkwe wangu huyo ni mtu wa Singida. Ana elimu, ana kazi ya ofisini, na kwangu hajawahi kukosea adabu. Akifika anapiga goti, "Shikamoo, mama," hata kama kavaa suruali ya safari. Alikuja na binti yao, mjukuu wangu, aliyeanza shule mwaka ule. Nikafurahi kuwapokea, na hapohapo moyo ukaanza kunidunda, kama unavyofanya kila wanapokuja.

Lazima nieleze kwa nini, la sivyo yanayofuata yataonekana ni ya mtu aliyechanganyikiwa.

Nilipoolewa nilikatazwa kuonana na baba mkwe. Sisi Wanyakyusa tunaita *ukutila*, kumwogopa mkwe. Chuki haikuwepo, ilikuwa heshima. Akija njiani anakohoa, nami naingia migombani nawapa mgongo yeye na njia mpaka apite. Akikaa uani, mimi niko ndani nimevuta ule ubao wa dirisha. Miaka yote niliyoishi kwenye mji wake nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo, na kwa visigino vyake vilivyopasuka, maana chini ya ubao palikuwa na nafasi ndogo. Uso wake sikuwahi kuutazama. Na jina lake halikupita kinywani mwangu, wala neno lolote linalofanana nalo.

Hapo ndipo penye shida. Ndani ya jina lake limekaa neno la rangi, ile rangi ya mpunga ukiwa bado kitaluni, umeshika maji na haujahamishwa. Neno hilo liliondoka kwangu na jamaa zake wote. Ile ya pakiti inayotiwa kwenye maji ya chai naiita chai kavu. Zile zinazofunikiwa chungu cha ndizi naziita nguo za mgomba. Wanangu wamekua wakidhani ndivyo mama anavyoongea tu. Ukimtuma mtoto dukani akaomba chai kavu, mwenye duka alikuwa anampa bila kuuliza, kwa sababu na mke wake ana mkwe.

Baba mkwe alikufa zamani. Mume wangu naye amemfuata. Kinywa hakikufunguliwa.

Basi mwanangu alipopata binti alinipigia simu. "Mama, tumempa jina la babu." Majina yetu mengi hayachagui mwanamume wala mwanamke. Alilisema kwa furaha, akanyamaza, anasubiri nilirudie. Nikasema, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Akasikia ile asante akajua nimefurahi, na kweli nilifurahi. Ila tangu siku hiyo nina mjukuu nisiyeweza kumwita. Namwita mke mwenzangu, utani wa mabibi wote, kwa hiyo watu hawakushangaa. Na mama yake, ambaye kwa desturi ningemwita Mama Fulani kwa jina la mwanawe, nilibaki kumwita mkwe. Mkwe njoo ule. Mkwe umeamkaje. Wake wa wanangu wengine nawaita kwa majina ya watoto wao, na yeye alikuwa anasikia.

Tulikwenda Kasumulu kwa bajaji, sisi wawili, maana vitambaa vizuri vinashuka pale mpakani. Duka lenyewe lilikuwa na majora mpaka darini. Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na fimbo ya kuangushia vitambaa, siyo mtu wa huku kwa jinsi alivyoongea. Mlangoni alikaa mbeba mizigo anayesubiri kazi, na ndani palikuwa na mama mmoja wa ng'ambo, mzee kama mimi, anapapasa vitenge.

"Mama," mkwe akaniambia, "nyumba ni yako na macho ni yako. Chagua unayoipenda. Nisije nikakuletea ya kwangu ukawa unaitazama kwa kununa."

Nilikuwa nimeshaichagua tangu mlangoni. Ilikuwa juu kabisa, imebanwa na nyingine, umeonekana ukingo tu. Rangi ya kitalu hasa. Nikaona sebule yangu imejaa mpunga mpya.

"Ile," nikasema, nikaonyesha kwa mdomo.

"Ipi, bibi?"

"Ya juu."

"Zote ziko juu."

"Ile ya mpunga."

Akaisukuma kwa fimbo ikaanguka. Njano iliyokolea, mpunga wa siku ya kuvuna.

"Siyo ulioiva," nikasema. "Mpunga mchanga."

"Ooh, ya mchanga. Si ungesema." Akashusha jora lingine akalikunjua mezani. Rangi ya mchanga wa ziwani, ule mkavu unaochoma miguu.

"Huo siyo mchanga ninaosema. Nasema mchanga ambao haujakua."

"Mchanga unakua, bibi?"

Mbeba mizigo akacheka. Akasema wa kwao unapungua tu, kila siku malori yanauchota. Nikajaribu tena.

"Mgomba. Rangi ya mgomba."

Akanishushia kahawia, ya mgomba uliokauka. Nikatikisa kichwa. "Bibi, leo tutashusha duka zima," akasema, lakini hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka kama mtu anayecheka na bibi yake. "Taja rangi tu. Rangi haina gharama."

Mkwe akanisogelea. Akaniwekea mkono begani, akashusha sauti, na sauti ile ilikuwa ya upole kuliko zote alizowahi kunisemesha. "Mama, hakuna shida. Hii inaitwa kahawia. Hii njano. Hii hapa inaitwa bluu. Tuseme pamoja. Bluu."

"Bluu," nikasema.

Mimi ambaye nimepanda mpunga miaka yote hiyo na nikitazama shamba la mtu najua kwa rangi lini lilikosa maji, nilisimama Kasumulu nikasema bluu. Ningefanya nini? Alinishika bega.

"Bibi hukupita chekechea," msichana akasema.

"Wakati wangu haikuwepo."

"Basi leo umehitimu."

Yule mama wa ng'ambo aliacha vitenge vyake. Alinitazama, akaitazama ile rangi kule juu, akarudi kwangu. Kisha akasema kwa lugha yetu, taratibu, bila kumlenga mtu, "Mwacheni. Huyu ana mkwe kinywani."

Uso ukaniwaka. Aliyeelewa ni mimi peke yangu.

"Anasemaje?" mkwe akauliza.

Angalia, mlango ulikuwa umefunguliwa pale. Ningeingia tu. Badala yake nikasema, "Anasema kitambaa ni kizuri."

"Kipi?"

"Hicho cha mchanga."

"Na wewe unakipenda?"

"Nakipenda."

Ndivyo tulivyochagua mapazia. Vitambaa vikapimwa, vikakatwa, fundi wa pale barazani akashona na kutia ringi, tukarudi na mafurushi mapajani. Njia nzima mkwe alikuwa anatazama nje. Nikajua ananionea huruma, nami sikuwa nimezoea kuonewa huruma na mtoto niliyempokea mimi. Kanga nikaivuta mpaka kwenye nyusi.

Kesho yake tukaanza kutundika. Mkwe alipanda kitini na bomba la pazia mkononi, ringi zikilia. Watoto walikuwa nje, mjukuu wangu na wa jirani, wanacheza pembeni ya mikeka ya kakao. Viroba nilikuwa nimevitoa, chumba kikawa cheupe na kitupu kama nyumba ya kupanga.

"Mama, mwite mtoto alete kikopo cha skrubu. Kiko pale nje kwenye ngazi."

Nikasimama mlangoni. "Mke mwenzangu. Mke mwenzangu, njoo."

Hakusikia. Wa jirani wakageuka, nao ni wajukuu wa mabibi, kila mmoja ni mke mwenza wa mtu. "Yupi, bibi?" wakauliza wakicheka. "Hapa tuko wake wenza watupu."

"Mwite kwa jina," mkwe akasema juu ya kiti.

"Atakuja."

"Mwite kwa jina, mama."

Nikajifanya sikusikia, nikatoka, nikakifuata kikopo mwenyewe. Niliporudi alikuwa ameshuka. Amekaa kwenye kile kiti, pazia liko magotini.

"Mama, nikuulize kitu. Juzi msibani nilikuwa nyuma yako. Ulitaja watu mpaka nikachoka kusikiliza. Ukamtaja hata yule mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, mama yake mwenyewe alikuwa amesahau kama alipewa jina."

"Alipewa."

"Mtoto wangu anaitwa nani?"

"Ni mjukuu wangu."

"Jina, mama."

Nilifungua kinywa. Nataka niseme kweli, nilijaribu. Ulimi ulikuja mpaka kwenye meno ukakaa pale kama punda. Yeye alisubiri. Kuku aliingia, akatutazama wote, akatoka.

"Nimeelewa," akasema. "Rangi nilisema sawa, mama hakusoma, tutasaidiana. Lakini majina unayajua. Unajua ya watu wote waliokufa Kyela nzima, na la mwanangu aliye hai hujawahi kulitamka tangu azaliwe. Mimi pia hujawahi kuniita mama yake. Wenzangu wote ni mama fulani hapa. Mimi ni mkwe."

"Mwanangu..."

"Nilikuwa na jina langu, mama. La mama yangu mzazi. Nililishika ujauzito mzima. Mwanao akaniambia, tukimpa la babu, mama atafurahi mpaka alie. Nikaliacha la mama yangu, naye yupo hai, alisikia. Kumbe nililiacha bure." Hakupandisha sauti. "Kesho tutaondoka na basi la asubuhi. Haya mapazia nitayamaliza."

Akapanda tena kitini. Hilo ndilo liliniumiza kuliko maneno. Mtu ambaye moyo wake nimeuvunja alikuwa ananitundikia pazia, anashika mkunjo mmoja mmoja anaulaza sawa na mwenzake.

Utauliza, si ungesema tu kwamba kuna jina silitaji? Angeuliza lipi, na kumjibu lipi ni kulitaja. Hilo ni moja. La pili ndilo lililonizuia zaidi. Jana yake nilikuwa nimeonekana sijui njano na bluu. Leo niongeze kwamba namwogopa mzee aliyekwisha kuoza ardhini? Nilimwona yule msichana wa dukani usoni mwa mkwe wangu, anatabasamu, ananionea huruma tena. Na kama angeondoka kwa basi lile, asingerudi. Mjukuu angekua akijua kwamba bibi wa Kyela hakumpenda, na mwanangu angekuwa anakuja peke yake, Krismasi kwa Krismasi, anatazama saa.

Jirani yangu wa kisimani asingenisaidia. Ameolewa ukoo uleule na kinywa chake kimefungwa kama changu. Aliyebaki anayeruhusiwa ni mmoja, dada wa mume wangu. Baba ni wake, jina ni lake, analitaja atakavyo, hata kwa kuapia.

Wifi yangu ana ulimi. Nilipohamia nyumba hii aliniita Mwenye Vioo mbele ya watu kanisani, nami nikaacha kwenda kwake. Kwake ni hapo nyuma tu, ukivuka mikakao. Nilimkuta ameinama anageuza kakao juani.

"Leo Mwenye Vioo amekuja kwetu," akasema bila kuinuka. "Vimevunjika?"

"Ugonile, wifi," nikamsalimia.

"Nimelala. Sema."

"Njoo nyumbani unisemee jina."

Akainuka. Nilijua ameelewa hapohapo, kwa jinsi alivyoanza kuifuta mikono polepole. "Jina gani?"

"Unalijua."

"Nayajua mengi. La mbuzi wangu? La marehemu kaka?"

"La baba yako."

"Asemewe nani?"

"Mkwe. Anadhani nimemkataa mtoto."

Akacheka. Akakaa chini acheke vizuri, akashika mbavu, akaniuliza kama ni kweli miaka yote hii hakuna aliyemwambia, nikasema ni kweli. "Na mwanao?" Nikasema mwanaume anajua nini. "Na mtoto ndiye mwenye jina." Nikasema ndiye. Kicheko kikakatika.

"Umemkosea mtoto wa watu, wifi."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Nitakwenda. Lakini utakaa palepale nikiongea. Hutakimbilia jikoni."

Nikakubali. Tukavuka mikakao, yeye mbele.

Mkwe alikuwa ameshamaliza sebule. Kuta zote zimekuwa mchanga kuanzia juu mpaka chini. Macho yake yalikuwa mekundu, ila alipiga goti, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Wifi akazunguka macho. "Mmechagua mchanga. Nyumba imekuwa ufukwe, bado kuleta mitumbwi." Akakaa. "Mwanangu, unamwona huyu mama mkwe wako? Mimi simsifii, ana kiburi cha vioo. Lakini kwa mwanao hana kiburi. Mdomo wake ulifungwa na baba yangu."

Halafu akalitaja.

Alilitaja lote, kwa sauti ya nje, pale sebuleni kwangu. Sikupanga kufanya nilichofanya. Miguu ilinichukua yenyewe, na nilipojitambua nilikuwa nyuma ya pazia jipya, uso kwenye kioo, kanga kinywani.

"Jikoni hajakwenda," nikamsikia wifi akisema. "Pazia hatukupatana."

Akaeleza yote. Kikohozi, migomba, ubao wa dirisha. Akataja na chai kavu, na nguo za mgomba, kila kimoja akakipa jina lake halisi, na kila akilitaja masikio yangu yalichoma. Nje ya kioo watoto walikuwa wanakimbizana, hawanioni, ni mchana. Nilikuwa nimesimama katikati, siko ndani wala siko nje, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mkwe akasema polepole, "Shangazi, kuna rangi inaitwa hivyo."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Jana dukani alikuwa anaitaka hiyo."

"Mimi sikuwepo dukani."

"Mpunga mchanga," akasema. "Mgomba. Alikuwa ananiambia. Na mimi nikamfundisha bluu."

Nilisikia kiti. Nyayo zikaja mpaka kwenye pazia zikasimama. Hakulifungua. Nilimshukuru kwa hilo na bado namshukuru. Akaongea kupitia kitambaa.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Ya marehemu?"

Nikatafuta uongo mwingine kama ule wa Kasumulu, nikaukosa. "Ya kwako," nikasema.

Kwa chini, pale pazia linapoishia, niliona vidole vyake vya miguu, vina rangi nyekundu, na nikakumbuka visigino vilivyopasuka chini ya ubao. Nikasikia vibaya zaidi, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa mzee wa kuogopwa.

"Basi," akasema, "wewe mwite lile nililoliacha. La mama yangu. Mimi sina neno, na yeye akisikia atafurahi." Akanitajia, ingawa nililijua. Nani asiyejua jina la mama mzazi wa mkwe wake?

"Jaribu," wifi akasema kutoka kitini. "Huyo siyo baba yako wala wangu."

Nikasukuma kioo, nikaita. Jina jepesi, linaishia kwa kinywa wazi. Mtoto hakugeuka. Angejuaje kama ni yeye? Nikaita tena, watoto wa jirani wakatazamana wakitafuta ni nani kati yao. Mama yake ikabidi atoke uani, amshike mkono, amweleze kwamba tangu leo ana jina lingine na ni la bibi peke yake. Mtoto akauliza kama atalitumia na shuleni.

Hawakuondoka na basi la asubuhi. Walikaa mpaka likizo ilipokwisha, na mkwe wangu namwita Mama Fulani, kwa jina ambalo hakuna mwingine analolitumia, hata mume wake akilisikia anauliza ni nani. Mapazia hayakuweza kurudishwa, kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Alitaka anunue mengine, nikakataa. Nikasema ya mchanga nimeyachagua mwenyewe. Wifi anakuja kukaa ufukweni mara kwa mara, hajaacha kuniita Mwenye Vioo.

Mwezi uliopita Mama Fulani alinipigia simu kutoka Dodoma. Ameona kitambaa kizuri cha chumbani kwangu, kizito, mtu hawezi kuona hata kivuli.

"Cha rangi gani?" nikauliza.

"Ya wifi, mama."

"Rangi ya wifi ndiyo ipi?"

"Ile ambayo wifi yako ndiye anayeitaja."

Nikacheka, yeye akacheka. Nikamwambia, "Wewe itaje tu, mwanangu. Hukukatazwa na mtu."

"Siwezi," akasema. "Nikiwa naongea na wewe ulimi unakataa. Juzi hapa nyumbani nimemwambia mwanao aniletee chai kavu, akanitazama."

Akaendelea kunieleza upana wa kitambaa na jinsi kitakavyoshonwa, nami naitikia, lakini nilikuwa sisikii tena. Mimi nilifungwa kinywa na watu niliowakuta. Yeye ametoka Singida na maneno yake yote, kwao hakuna aliyemnyang'anya hata moja, na sasa amelitua moja pale kwangu bila kuombwa, kwa kunionea haya. Nilitaka nimwambie alichukue. Nikasema, "Ndaga, Mama Fulani. Kilete."

Jioni ilikuwa imeingia. Nikavuta mapazia kwanza, yote, mpaka kitambaa kikagusana na kitambaa, ndipo nikawasha taa.